Kabla Hujabadilisha Kapasita: Mvumo wa Bodi za Bei Chee Unatoka Wapi

Ukiingia duka la vipuri vya redio Kariakoo leo ukaulizia bodi ya amplifaya, si rahisi upewe ile ya zamani ya transista kubwa zilizofungwa kwenye bati la alumini. Utapewa kibodi kinachoenea kiganjani, chenye aisii moja (kile kipande cheusi chenye miguu mingi) katikati, kipoza joto juu yake, koili nne na kapasita (vile vikopo vya kuhifadhi umeme kwa muda) mbili tatu. Hizo ndizo bodi za daraja D. Aisii yake huwasha na kuzima umeme mara laki nne au zaidi kwa sekunde badala ya kuubana kidogo kidogo kama zilivyofanya amplifaya za zamani, ndiyo maana haichemki sana. Nyingi zimejengwa juu ya TPA3116D2 ya Texas Instruments au nduguye TPA3118. Zile ndogo kabisa za volti 5, zinazokaa ndani ya vispika vya mezani, mara nyingi ni PAM8403. Kwa bei yake, sauti inayotoka humo ni ya kushangaza, na sebuleni kwangu hakuna amplifaya nyingine.

Ila kuna mvumo. Unafunga kila kitu, unawasha, hata muziki hujaweka, spika inaanza: mmmmm. Ukimuuliza mtu, dawa ni ileile: ongeza kapasita. Weka ya mikrofaradi 10,000. Ukirudi kesho kusema bado inavuma, utaambiwa weka mbili. Nimeona maboksi ambayo kapasita zimejaa kuliko bodi yenyewe na bado yanavuma vilevile, kwa sababu mvumo unaosikika volumu ikiwa sifuri ni nadra sana kutokana na upungufu wa kapasita. Huwa unatokana na njia ya graundi, yaani waya wa hasi ambako umeme hurudia na ambao tunauhesabu kuwa sifuri, na njia ya graundi hainunuliwi dukani.

Anza kwa kusikiliza. Mvumo mzito wa chini ni Hz 50, masafa ya umeme wa gridi yetu. Ukiwa na ukali ndani yake, kama nyuki kwenye chupa, hapo kuna Hz 100 na vizidisho vyake, na hizo huzaliwa kwenye dayodi za pawa saplai, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Mluzi mwembamba unaobadilika kadiri simu inavyofanya kazi ni wa Bluetooth au chaja. Na ile shhh ya mfululizo, kama mvua ya mbali, haina uhusiano wowote na graundi. Hiyo ni ya ukuzaji uliopitiliza, nitaifikia.

Ukishasikiliza, ziba inputi. Chukua jeki ya RCA, unganisha pini ya katikati na ganda lake kwa kipande cha waya, ichomeke, panda volumu mpaka mwisho. Spika ikinyamaza, bodi yako haina ugonjwa, mvumo unaletwa na kilichokuwa kimechomekwa hapo. Ikiendelea kuvuma, shida imo ndani ya boksi. Hapo tafuta betri ya volti 12, ya sola au ya pikipiki, ulishe bodi kwa hiyo. Mvumo ukiisha kwenye betri, ni pawa saplai au waya zake. Na kabla hujafika mbali, gusa kwa kidole kile chuma cha kuzungushia volumu. Mvumo ukipungua unapogusa, ganda la volumu halina graundi. Likwangue kwa wembe mpaka chuma king'ae, kwa sababu lilivyo halishiki risasi, kisha lehemu waya mmoja kwenda graundi ya inputi. Kuna sabufa ngapi zimetupwa kwa kukosa waya huo!

Sasa ukuzaji. Hapa ndipo bodi za bei chee zinapojiharibia jina, na ndipo penye marekebisho yenye faida kuliko yote ninayoyajua. TPA3116D2 ina ngazi nne za ukuzaji: desibeli 20, 26, 32 na 36. Kwa lugha ya volti ni mara 10, mara 20, mara 40 na mara 63. Muuzaji anapenda bodi inayopiga kelele hata volumu ikiwa robo, maana mteja pale kaunta ataona ina nguvu, kwa hiyo bodi nyingi hutoka kiwandani zikiwa ngazi za juu. Nguvu haikuongezeka hata chembe. Kilichoongezeka ni kwamba kila milivolti moja ya uchafu inayoingia kwenye inputi inafika spikani ikiwa milivolti 63 badala ya 10.

Piga hesabu ujue unahitaji ngazi ipi. Ukilisha bodi kwa chaja ya laptopu ya volti 19, sauti haiwezi kuzidi volti 13 hivi za wastani wa mawimbi kwenye spika. Kwa ukuzaji wa mara 10, inputi inahitaji volti 1.3 kufika huko. Televisheni, deki na vifaa vingi vya mezani hutoa kiasi hicho au zaidi. Simu ni dhaifu kidogo, hapo mara 20 inafaa. Mara 63 sijawahi kuona inamfaa nani.

Ngazi hiyo huwekwa na rezista mbili ndogo kama punje ya mchele iliyovunjika, zikiwa jirani na mguu wa 7 na wa 8 wa aisii. Moja inatoka mguu wa 8 kwenda graundi, nyingine inatoka mguu wa 8 kwenda wa 7. Zisome kwa kioo cha kukuzia. Ukikuta 473 kwenye ile ya graundi na 753 kwenye nyingine, yaani kiloomu 47 na 75, uko kwenye desibeli 36. Kwa 32 utakuta 393 na 104. Kwa 26 ni 203 na 104. Kushuka mpaka 20 unang'oa kabisa ile inayokwenda mguu wa 7, na ile ya graundi unaweka 562, kiloomu 5.6. Zima umeme kwanza na usubiri kapasita zimwage umeme wake. Hata ungekuwa jasiri wa kuzibadilisha bodi ikiwa inawaka, haisaidii, aisii husoma thamani hiyo mara moja tu inapowashwa. Kwa kubana ngazi kutoka 36 hadi 20, mvumo ulioingia kwenye inputi unashuka zaidi ya mara sita, na ile shhh inabaki ya kutafuta kwa sikio lililobandikwa kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti kali. Kuna faida ya pembeni pia: upinzani wa inputi unapanda kutoka kiloomu 9 hadi 60, kwa hiyo hata kapasita za inputi ulizokuta pale zinatosha kupitisha besi ya chini kabisa.

Wengi wanaoniandikia wanataka kusikia kuhusu kubadilisha opampu (aisii ndogo ya kukuza sauti kabla haijafika kwenye ile kubwa) au kapasita za inputi za bei ya mbuzi. Waendelee, ni fedha zao. Opampu aina ya NE5532 iliyomo kwenye baadhi ya bodi ni kifaa cha heshima, na kuing'oa uweke ya gharama mara ishirini huku inputi ikiwa imeshikana na waya wa transfoma ni kupaka rangi nyumba inayovuja.

Turudi kwenye waya. Chukua sabufa ya kawaida iliyokufa bodi yake, zile zilizokuwa na aisii ya zamani ya TDA2030 ndani. Boksi zima, spika nzima, transfoma nzima. Unaitoa bodi ya zamani unaweka ya daraja D. Kazi nzuri, na ndiyo ninayoletewa mara nyingi kuliko nyingine. Transfoma hiyo mara nyingi imeandikwa 12-0-12, yaani volti 12 kutoka waya wa katikati kwenda kila waya wa pembeni. Mtu asiyejua atachukua waya mbili za pembeni, azipitishe kwenye dayodi nne, apate volti 34, na TPA3116D2 inayotaka volti 26 kwa juu kabisa itaaga dunia papo hapo. Njia sahihi ni dayodi mbili: kila waya wa pembeni unapita dayodi yake, zote mbili zinakutana kuwa chanya, na ule waya wa katikati unakuwa hasi. Unapata volti 16 au 17, wakati mwingine 18 bodi ikiwa imetulia. Inatosha sana.

Mvumo huzaliwa kwenye hatua inayofuata. Kapasita kubwa haijazwi polepole. Inajazwa kwa mapigo mafupi, mara mia kwa sekunde, na kila pigo ni kali kuliko mkondo wa wastani mara kadhaa. Tuseme pigo ni la ampea 8. Waya wa sentimita 20 wenye unene wa nusu milimita ya mraba una upinzani wa kama milioomu 7. Zidisha: milivolti 56 zinazaliwa kati ya mwanzo na mwisho wa waya huohuo, ambao sisi tunauita graundi tukidhani ni sifuri kila mahali. Graundi ya inputi ikiunganishwa upande mmoja wa kipande hicho na bodi ikiunganishwa upande mwingine, zile milivolti 56 zinaingia kama muziki. Zikikuzwa mara 63 ni volti tatu na nusu za Hz 100 kwenye spika. Unaweza kuweka kapasita ya ukubwa wa kopo la maziwa, hutasikia tofauti. Pengine itazidi, kwa kuwa kapasita kubwa hufanya mapigo yawe mafupi na makali zaidi.

Kwa hiyo waya wa katikati wa transfoma na dayodi viishie kwenye miguu ya kapasita kubwa, mahali hapo hapo, kwa waya mfupi na mnene. Kutoka kwenye miguu ya kapasita zitoke waya mbili tu, chanya na hasi, zikisukwa pamoja, ziende kwenye bodi. Graundi ya inputi ishuke kwenye tundu la inputi la bodi na kwingine kokote isiguse: si kapasita, si bati la nyuma, si transfoma. Vituo vya RCA vya inputi navyo visiguse bati. Weka vile vyenye vishikizo vya plastiki, au toboa tundu kubwa zaidi uweke kipande cha kadibodi ngumu. Bati lenyewe lipate waya wake mmoja wa graundi.

Kwenye sabufa hizi kuna mtego mwingine ambao hauvumi kabisa, unaua. Spika zake ndogo za pembeni huchomekwa kwa RCA nyuma, na maganda ya RCA hizo yamekaa juu ya bati, hasi ya kushoto na hasi ya kulia zikiwa zimekutana. Kwa bodi ya zamani hasi ilikuwa graundi, hakuna neno. Daraja D hizi zinasukuma spika kutoka pande zote mbili: waya zote mbili za spika ziko hai, kila mmoja ukikaa kwenye nusu ya volti ya saplai. Ukizikutanisha kwenye bati, aisii itajizima kujilinda ukibahatika. Usipobahatika utanusa. Ng'oa zile RCA, weka vibanio vya spika vya plastiki.

Kapasita nayo ina siku yake. Mvumo usiokuwepo volumu ikiwa chini, halafu besi ikipiga unasikia mkoromo juu yake, huo ni umeme unaokosa pumzi. Ukivuta ampea 2 kupitia kapasita ya mikrofaradi 4,700, volti inashuka kwa kama 4 kati ya pigo na pigo. Kwa 10,000 inashuka kwa 2. Hapo ongeza bila hofu. Pia soma volti iliyoandikwa kwenye kapasita zilizokuja na bodi. Ukikuta 25 na wewe unataka kulisha volti 24, zitoe uweke za 35 au 50 kabla ya kitu kingine chochote, na uzisogeze mbali na kipoza joto.

Wasiotaka shida ya transfoma hutumia chaja ya laptopu iliyozeeka, nami ndiyo ninayoipendekeza kwa anayeanza. Volti 19, ampea 4.74, wati 90, imejikinga dhidi ya shoti. Kwa spika za omu 4 utapata kama wati 45 kila upande zikipishana, kwa omu 8 nusu yake, haijalishi tangazo la bodi limeandika mia ngapi. Ila chaja hizi na adapta nyingi za aina yake zina kapasita ndogo sana inayovuka kutoka upande wa umeme wa ukutani kwenda upande wa volti ndogo, iliyowekwa makusudi kuzuia makelele ya redio. Chaja yenye pini tatu na ethi (waya wa ardhi) iliyo hai humwaga uvujaji huo ardhini. Yenye pini mbili, ile tunayoilazimisha kwenye soketi ya tundu tatu kwa kusukuma kifuniko cha ethi na peni, haina pa kuumwaga. Ndiyo maana ukigusa bati la amplifaya kwa nyuma ya mkono unahisi kama linatetemeka, na mita ikionyesha volti mia na kitu kati ya bati na ardhi usizimie, mkondo wake haufiki hata miliampea moja. Lakini mkondo huo mdogo ukipita kwenye waya wa sauti kwenda kutafuta ardhi kupitia televisheni, utausikia.

Televisheni inanifikisha kwa king'amuzi. Mtu anakuambia: redio haivumi, simu haivumi, ila nikichomeka televisheni nyumba nzima inavuma. Nenda nyuma ya king'amuzi, fungua ule waya wa dishi. Mvumo ukikatika, umempata. Dishi limefungwa kwenye bomba la chuma, bomba liko ukutani au limeshika bati la paa, wavu wa waya wa dishi umegusa chuma hicho, king'amuzi kimeshikana na televisheni, televisheni na amplifaya yako, na amplifaya ina ethi yake kwenye soketi. Ardhi mbili, waya wa sauti katikati. Dawa ya haraka ninayoiona mitaani ni kukata ethi ya amplifaya. Sifanyi, hata mteja akikasirika. Boksi la chuma lenye umeme wa 230 ndani likikatwa ethi, siku waya wa ukutani ukigusa bati ndipo watu watajua kilichokuwa kinazuiwa. Weka transfoma ndogo ya sauti, ile ya uwiano wa 1:1, omu 600 kwa 600, kwenye waya wa sauti. Au kama televisheni ina tundu la kutoa sauti kwa mwanga (optical), nunua kile kiboksi kidogo cha kugeuza mwanga kuwa sauti. Mwanga haubebi graundi.

Kwa bodi zenyewe kuna ujanja mwingine unaopunguza mvumo wa namna hii bila transfoma. Aisii ina inputi mbili kwa kila upande, chanya na hasi, na inakuza tofauti kati yake. Mtengenezaji wa bodi kwa kubana matumizi ameipeleka hasi moja kwa moja graundi kupitia kapasita. Ni mguu wa 5 na wa 11. Inua mwisho wa kapasita ulio upande wa graundi, ulehemu waya mwembamba, uupeleke mpaka kwenye ganda la RCA ya inputi, na kati ya ganda hilo na graundi ya bodi weka rezista ya omu 10. Sasa kelele iliyopo kwenye graundi ya televisheni inaingia pande zote mbili na aisii inaitupa kwa sehemu kubwa. Haitupi yote, kwa sababu volumu imekaa upande mmoja tu na mizani haiko sawa, ila kwa mvumo wa wastani unaweza usihitaji kingine. Kulehemu hapo kunataka ncha nyembamba na mkono usiotetemeka. Ukiona chai ya asubuhi haijakukaa sawa, acha mpaka jioni.

Bluetooth ni rahisi kuieleza na inaudhi kuliko vyote. Kibodi cha Bluetooth kinakula volti 5 unazozitoa kwenye saplai ileile kwa kipunguza volti, na graundi yake inarudi kwa njia mbili: kupitia waya wa umeme na kupitia waya wa sauti. Kila kinapozungumza na simu, mkondo wake unapita kwenye waya wa sauti na wewe unasikia wiii na tik tik tik. Nunua kile kidude cheusi cha miguu minne kilichoandikwa B0505S. Kinapokea volti 5 na kutoa volti 5 zisizoshikana kabisa na zilizoingia, wati moja tu, inayotosha Bluetooth. Lisha kibodi kwa hicho, acha waya wa sauti uwe ndio pekee unaokiunganisha na bodi. Kimya. Mradi usije ukafunga graundi zake mbili pamoja kwa kudhani umesahau.

Na wanaofunga bodi mbili kwenye boksi moja, ya besi na ya spika za pembeni, wakasikia mluzi ambao haukuwepo bodi moja ilipokuwa peke yake: kila aisii ina saa yake, yaani mapigo yake ya kuwasha na kuzima. Moja ikikimbia kHz 400 na nyingine 405, tofauti yake, kHz 5, ni mluzi kamili wa kusikika. Mguu wa 16 upo kwa kazi hiyo. Bodi moja inaachwa kama ilivyo, ya pili unaigeuza kuwa mfuasi kwa kubadilisha zile rezista mbili za mguu wa 8 ziwe kiloomu 51 zote, ambayo ni desibeli 20 za mfuasi, halafu unaunganisha mguu wa 16 wa moja na wa nyingine. Waya huo uwe mfupi, na graundi za bodi zote mbili zitoke kwenye miguu ya kapasita ileile.